Ukuta wa jikoni: amua kimo kwanza, tailizi zitafuata

Mtu akianza kukarabati jiko lake cha kwanza anachokimbilia ni rangi. Anaenda Kariakoo, anasimama mbele ya zile mbao zilizobandikwa sampuli, anapiga picha za kutosha anawatumia dada yake na shemeji yake WhatsApp, wanapiga kura, boksi zinapakiwa kwenye bajaji. Fundi anafika nyumbani anauliza, "bosi, huku juu naishia wapi?" na hapo ndo unakuta hakuna aliyewaza, basi fundi anaishia anapoona yeye panapendeza, au pale tailizi zilipomwishia.

Swali la fundi ndo lilitakiwa liwe la kwanza. Kimo kinaamua unanunua boksi ngapi, saizi gani ya tailizi itaingia bila kukatwa vipande vya ajabu, makabati ya juu yafungwe wapi, soketi zikae wapi, na hata ni malighafi gani inafaa na ipi haifai. Rangi ni ya mwisho kabisa, na hiyo mpeni shemeji aamue.

Nazungumzia ule ukuta ulio kati ya kaunta na makabati ya juu, mafundi wa siku hizi wanauita bakisplashi. Watu wanauchukulia kama kitu kimoja ila ukiuangalia vizuri una sehemu tatu na kila sehemu inasumbuliwa na kitu chake. Nyuma ya sinki ni maji, na maji hayarukii mbali, mara nyingi yanapiga chini chini tu, shida yake ni kwamba yanatuama pale kaunta inapokutana na ukuta na yakipata upenyo yanaingia nyuma. Sehemu ya katikati unapokatia vitunguu na kuweka blenda ni rangi za vyakula, nyanya, manjano, mawese. Nyuma ya jiko la gesi ndo kwenye vita yenyewe, maana pale kuna joto na kuna mafuta, na mafuta siyo yale matone yanayoruka ukikaanga samaki peke yake, kuna mafuta yanayopanda na mvuke, yanaenda kuganda huko juu ukuta ulipopoa. Ndo maana unaweza kufuta ukuta nyuma ya jiko kila siku na bado ukipitisha kidole juu kabisa karibu na dari unakuta panata na vumbi limeshika.

Kwa hiyo kimo kimoja kwa ukuta wote siyo lazima. Hili watu wengi hawaambiwi.

Vimo vinavyofanyika sana viko kama vinne. Kuna ule mkanda wa sentimita 10 hivi, unaoletwa na fundi wa graniti pamoja na kaunta, jiwe lile lile limesimamishwa ukutani. Wamarekani wanao sana huu, wao wanasema inchi nne. Kwa sinki la ofisini ambapo watu wanaosha vikombe unatosha. Kwa jiko la kupikia wali wa nazi na maandazi hautoshi hata kidogo, juu yake ni rangi na ile rangi itakuwa na madoa kabla hujamaliza kulipia fenicha. Na kuna wanaofanya vyote viwili, mkanda wa graniti halafu juu yake tailizi. Hapo umejitengenezea kijishelfu chembamba cha kukusanya uchafu urefu wote wa kaunta, na umelipia jiwe ambalo tailizi ingeweza kukaa mahali pake. Kama unaweka tailizi, mwambie fundi graniti mapema kwamba mkanda huutaki, maana ukichelewa atakuwa ameshaukata na ameshaupigia hesabu.

Kimo cha pili ndo cha kawaida, kutoka kaunta mpaka chini ya makabati ya juu. Kaunta nyingi zinakaa kama sentimita 90 kutoka sakafuni, na nafasi mpaka kwenye kabati inakuwa kati ya 45 na 60. Cha tatu ni mpaka linta, yaani usawa wa juu wa milango na madirisha, hii ni desturi ya zamani kwetu na kwenye nyumba nyingi za kupangisha utaikuta, kuta zote zimezungushiwa tailizi nyeupe mpaka mita mbili na kidogo. Watu wanaicheka siku hizi wanasema inafanana na bucha, ila mama anayepika kwa mkaa mule ndani hacheki, anachukua maji ya sabuni na kitambaa anafuta masizi maisha yanaendelea. Cha nne ni mpaka dari.

Mimi ningekushauri uchanganye. Sehemu yote ya kaunta ishie chini ya makabati, halafu nyuma ya jiko la gesi peke yake panda mpaka dari, upana wa jiko au uzidi kidogo kila upande. Watu wanaogopa wakisikia mpaka dari, wanadhani ni hela nyingi, ebu tupige hesabu. Chukua jiko lenye kaunta ya umbo la L, upande mmoja mita 3.6 na mwingine mita 1.8, jumla 5.4. Ukizidisha kwa kimo cha 0.6 unapata skwea mita 3.24. Tailizi za 30 kwa 60 mara nyingi zinakuja nane kwa boksi, ambayo ni skwea mita 1.44. Ukiongeza asilimia kumi ya kuvunjika na kukatwa unahitaji kama 3.56, yaani boksi tatu na moja itabaki nusu. Sasa kupanda mpaka dari ya mita 2.7 nyuma ya jiko lenye upana wa sentimita 90 unaongeza skwea mita 1.08 tu. Pamoja na asilimia kumi unafika 4.75, boksi nne. Yaani umeongeza boksi moja, na umefunika ile sehemu inayochafuka kuliko zote nyumbani. Kama jiko limebanwa kwenye kona usisahau ukuta wa pembeni, nao unarukiwa na mafuta vile vile, unakuta mtu ameweka tailizi nzuri nyuma halafu ubavuni kaacha rangi ya maji.

Kama una dirisha juu ya sinki, usiishie katikati ya dirisha. Panda mpaka usawa wa chini wa fremu na kile kizingiti cha dirisha kiwekewe tailizi au graniti, kiwe na mwinamo kidogo wa kurudisha maji kwenye sinki. Na kama huna makabati ya juu, una shelfu za wazi tu, basi ishia kwenye mstari wenye sababu, usawa wa linta au chini ya shelfu ya kwanza, na uishie na tailizi nzima siyo kipande. Ukingo wa juu uwekewe kona ya aluminiamu, la sivyo unaonekana ule udongo mwekundu au mweupe wa ubavu wa tailizi na kazi yote inaonekana ya kulipua.

Hapo ndo saizi inaingia. Nafasi ikiwa sentimita 60, tailizi za 30 kwa 60 zikilala unapata mistari miwili hukati kitu, unaacha tu ile milimita chache ya grauti, yaani ule uji wa simenti unaojaza maungio kati ya tailizi. Ikiwa 55, mstari wa juu unakatwa na kata inafichwa chini ya kabati, haina shida. Ikiwa 65, umeshajiharibia, utakuwa na kipande cha sentimita tano kinachokaa juu kama kiraka. Sasa hii nafasi siyo sheria ya serikali, ni wewe na fundi kabati mnaamua. Kwa hiyo chagua saizi ya tailizi kabla makabati ya juu hayajafungwa, mpigie fundi kabati mwambie acha sentimita 60 na nusu kutoka juu ya graniti. Wengi wanafanya kinyume, makabati yanafungwa kwa jicho halafu fundi tailizi ndo anahangaika na grainda.

Kuhusu malighafi, kabla ya kutaja hata moja nataka uangalie kitu ambacho dukani hakionekani, nacho ni urefu wa maungio. Tailizi yenyewe mafuta hayaiwezi, ina kioo juu, unafuta yanatoka. Kinachochafuka ni grauti. Kwenye skwea mita moja ya tailizi za 30 kwa 60 una kama mita 5 za maungio. Ukichukua zile ndogo za matofali, 7.5 kwa 15, unafika kama mita 20. Ukichukua mozaiki ya vipande vya sentimita mbili na nusu, inayokuja imebandikwa kwenye wavu, unakaribia mita 80. Themanini! Kwenye skwea mita moja! Kila mita ya hizo ni mfereji mdogo wa simenti unaonyonya mafuta na manjano. Mozaiki ni nzuri kwenye picha, na ukiipenda sana iweke sehemu ya katikati, ila nyuma ya jiko la mtu anayekaanga chapati na samaki ni adhabu kwa anayesafisha, na mara nyingi anayesafisha siyo aliyeichagua.

Zile za matofali wanaita sabwei, na kweli zilitoka kwenye treni za chini ya ardhi za New York zilizofunguliwa 1904, wasanifu Heins na LaFarge waliziweka kwenye kuta za vituo maana nyeupe inarudisha mwanga na inafutika. Zinafaa jikoni kwa sababu hizo hizo, ila chukua saizi kubwa kidogo, 10 kwa 30 kwa mfano, na grauti ya kijivu. Grauti nyeupe jikoni ni ndoto ya wiki mbili. Hasa ile ya simenti nyeupe iliyokorogwa kwenye ndoo, hiyo inanyonya kila kitu. Manjano ikiingia kwenye grauti nyeupe kuitoa ni kazi, ina tabia ya kupauka ikipigwa na jua, kwa hiyo karibu na dirisha inaweza kupotea yenyewe polepole, ila nyuma ya jiko ambako jua halifiki utaishi nayo. Ukiwa na hela ya ziada uliza grauti ya epoksi, hainyonyi, ni ghali na inaganda haraka kwa hiyo inataka fundi aliyewahi kuitumia, asije akajifunzia kwako.

Seramiki ya kawaida ya ukutani inatosha watu wengi, na nalisema hili wazi kwa sababu dukani watakusukumia poseleni. Udongo wa seramiki ya ukuta unanyonya maji zaidi ya asilimia kumi ya uzito wake wakati poseleni ni nusu asilimia au chini ya hapo, na muuzaji atakutajia hiyo tofauti kama mwisho wa mjadala. Lakini ukutani maji yanapiga upande wenye kioo, na hakuna anayekanyaga wala kuburuta friji juu yake. Seramiki ni nyepesi, inakatika vizuri, unaweza kutoboa tundu la skrubu bila kuua dirili. Poseleni ni ngumu, na kwa vile hainyonyi, simenti ya kawaida haiishiki vizuri, inataka gundi ya tailizi ya mfuko. Fundi akikuambia atabandika poseleni ukutani kwa simenti na mchanga kama alivyozoea, mkatalie, baada ya muda zinaanza kulia kitupu ukizigonga halafu zinadondoka. Za ndani ya nchi zipo za kutosha siku hizi, Mkuranga na Chalinze kuna viwanda, na Kenya kule Kajiado na Athi River pia, kwa hiyo siyo lazima iwe imepanda meli ndo iwe nzuri.

Uso wake uwe laini. Zile zenye mabonde na milima, au za uso mkavu kama jiwe, zinapendeza sebuleni. Jikoni kila bonde ni shimo la mafuta na vumbi.

Mawe sasa. Graniti iliyopanda ukutani kama kibao kimoja ni nzuri sana, haina maungio, joto haliitishi, ndimu haiigusi. Gharama ndo hiyo, na uzito, ukuta lazima uwe mzima. Marumaru halisi ya jiwe ni kitu kingine kabisa, ni kalsiamu kaboneti, asidi inaila. Kamulia ndimu pembeni yake, mwaga siki ya kachumbari, ukwaju, hata mchuzi wa nyanya, ukiacha kidogo unakuta alama hafifu isiyong'aa, na ile siyo doa la kufuta, jiwe lenyewe limelika. Kwa mapishi yetu ya ndimu kila kitu mimi nisingeiweka. Kwatzi ya kiwandani haisumbuliwi na ndimu, karibu asilimia 90 ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa, lakini kinachoyashikanisha ni rezini, gundi ya jamii ya plastiki, na rezini haipendi joto kali, kwa hiyo usiisimamishe nyuma ya plati ya gesi inayopikia sufuria kubwa kuliko jiko lenyewe. Ile sufuria ya pilau la wageni inasukuma moto wote unaenda ukutani.

Kioo kipo pia, kipande kimoja kilichopigwa rangi kwa nyuma. Usafi wake hauna mpinzani. Lazima kiwe kile kilichopikwa, yaani kilichoimarishwa kwa joto kiwandani (tempered), na kikishapikwa hakikatwi wala hakitobolewi, kwa hiyo matundu ya soketi yanapimwa kabla, milimita kwa milimita, baada ya kaunta kukaa. Ukikosea umenunua meza ya kahawa.

Stenlesi wenye migahawa wanaijua. Kama uko pwani, Tanga, Dar, Mombasa, hewa ina chumvi, chukua ile ya daraja la 304, ile ya bei nafuu inaanza kutoa madoa ya kahawia. Nenda dukani na sumaku, ikinata kwa nguvu ujue siyo 304.

Halafu kuna haya mapya, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Paneli za PVC zenye sura ya marumaru, alukobondi, na stika za kubandika zinazouzwa kwa roli. Bei nzuri, zinafungwa kwa siku moja, zinafunika ukuta mbaya. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, sasa nyuma ya moto wa gesi inapata zaidi ya hizo kirahisi, inajikunja na kugeuka njano, na ikishika moto moshi wake ni sumu. Alukobondi ya kawaida ina plastiki katikati ya bati mbili za aluminiamu, na aina hiyo ya vibao vyenye plastiki ndani ndo ilisambaza moto kwenye jengo la Grenfell kule London mwaka 2017, watu 72 walikufa. Nyuma ya sinki weka ukipenda. Nyuma ya jiko hapana. Mpangaji ambaye hataki kuwekeza kwenye nyumba ya mtu, bora apige rangi ya mafuta inayong'aa upande wote, na nyuma ya jiko asimamishe kipande cha bati la stenlesi atakachohama nacho.

Kwenye ukarabati, tofauti na nyumba mpya, shida kubwa ni kile kilichopo tayari ukutani. Rangi ya mafuta gundi haiishiki, lazima ikwanguliwe au ukuta utobolewe vitundu vitundu kwa nyundo mpaka lipu ionekane. Tailizi za zamani zinaweza kubaki na mpya zikabandikwa juu, ila zigonge moja moja, zinazolia kitupu zitoke kwanza. Na kumbuka ukuta unanenepa, tailizi na gundi ni kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo boksi za soketi zinabaki zimezama ndani na skrubu za kawaida hazifiki. Nunua skrubu ndefu kabla, siyo kuacha soketi inaning'inia na waya. Soketi yenyewe ikae angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki na isiwe nyuma ya jiko, hii fundi umeme aifanye kabla fundi tailizi hajaingia maana kufukua tailizi mpya kuhamisha waya inauma.

Kwa wale wenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, Mji Mkongwe au Lamu, msipige simenti na tailizi mpaka dari. Zile kuta zinapumua, unyevu unapanda kutoka chini na kutokea kwenye chokaa, ukiuziba unatafuta njia nyingine, chumvi inasukuma lipu inabomoka pembeni na tailizi nazo zinafuata. Huko kimo kifupi nyuma ya sinki na jiko tu, kingine kibaki chokaa.

Mpangilio wa kazi uwe bomba na umeme, lipu, kaunta, makabati ya juu, ndo tailizi. Tailizi ikalie juu ya kaunta, siyo kaunta iingizwe baadaye mbele ya tailizi. Fundi aanze na pima maji, siyo kufuata kaunta kwa macho. Na pale chini tailizi inapokutana na graniti aache uwazi wa milimita mbili tatu usiwekwe grauti, uwekwe silikoni, maana kaunta na ukuta havitembei pamoja na grauti ya pale lazima ipasuke, na mpasuko ule ndo maji ya sinki yanapoingilia kwenda kuozesha kabati la chini. Ile nusu boksi inayobaki usimpe fundi. Ihifadhi pamoja na kipande cha kadi chenye namba ya toleo, kwa sababu nyeupe ya mwaka huu na nyeupe ya mwaka kesho kutoka kiwanda kile kile hazifanani.